Shamsia wa Kitabu cha Pili

Mji Mpya, Morogoro
14 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Anastasia,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua hujafungua bahasha hii bila kuniamkia, ndivyo ulivyo tangu utoto. Goti linaendeleaje? Na zile mvua zilizopita, zimeiacha migomba salama au zimelaza mingine? Mwanao Juliana na watoto wake nawasalimu wote. Barua hii na yeye aisome, kwa kuwa inamhusu.

Huku mjini sisi tu wazima. Mke wangu Hosiana ana mafua ya vumbi, lakini ulimi wake hauna mafua, kwa hiyo nyumba inakwenda kama kawaida. Kijana wetu Elia bado hajapata kazi tangu kiwanda kilipofungwa mwaka juzi. Anakusalimu sana shangazi yake.

Nakuandikia habari ya kitabu. Najua utasema mwalimu hata akistaafu haachi vitabu, lakini nivumilie mpaka mwisho.

Unakikumbuka kile kitabu cha hadithi ya picha nilichokuletea Pasaka ya mwaka jana, cha Pazi na dada yake Shamsia. Kwa ajili ya Juliana, ambaye hakukisoma, nieleze kwamba kilichorwa na Eustace, kijana wa Bukoba anayeandika mabango ya maduka pale Msamvu. Tangu nistaafu nimekuwa nikikaa kwenye benchi la karakana yake, nikimsimulia maisha yetu ya milimani, naye akiendelea kupaka rangi. Baadaye akayageuza masimulizi yangu kuwa hadithi. Shamsia anajikata mguu kwa jembe, na Pazi anambeba mgongoni kutoka juu mlimani hadi hospitali ya misheni. Shamsia anapona, anauza ndizi miaka mitatu ili Pazi amalize masomo. Wanabishana kila ukurasa. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba ulicheka pale Shamsia, akiwa mgongoni, anamwambia kaka yake aache kuhema kama punda, yeye si gunia. Kweli ulinitolea maneno hayo siku ile nilipokubeba, na mimi nilimsimulia Eustace kama yalivyo.

Kitabu cha pili kimetoka mwezi uliopita. Nilikinunua siku hiyo hiyo, nikakisoma nikiwa nimesimama. Dada yangu, nilisikitika. Pazi sasa ni mtu mkubwa mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi, maana siku hizi kila mtu ameruhusiwa kufungua duka lake. Anapanda mlimani, analigawa shamba la marehemu mama yao, analiandikisha kwa jina la mwanawe. Na Shamsia? Nimehesabu. Yumo katika picha tatu tu. Katika ya kwanza ameshika sinia la maji. Katika ya pili anafagia uwanja. Katika ya tatu amesimama nyuma ya watu, na uso wake umefichwa nusu na bega la mtu mwingine. Hasemi neno hata moja kutoka jalada hadi jalada.

Unanijua, jambo nisilolielewa haliniachi nilale vizuri. Kwanza nilidhani nakala yangu imepungua kurasa, kwa sababu mitambo yetu ya kuchapa naijua. Nikaenda hadi Mazimbu, kwa binti mmoja anayesoma chuoni pale, Shamimu, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba, nikaomba nakala yake. Kurasa zilikuwa sawasawa. Shamimu akaniambia kwamba wenzake bwenini nao waliuliza ulimi wa Shamsia umekwenda wapi, na mmoja alisema labda ameolewa. Nikaona hilo nalo si jibu. Mbona wewe uliolewa na bado unasema.

Basi nikaenda Msamvu. Nilimkuta Eustace juu ya ngazi, anachora kichwa cha mwanamke kwenye bango la saluni. Aliponiona na kitabu mkononi akawaambia vijana wake kwamba leo Mwalimu amekuja kusahihisha, wafiche madaftari. Wakacheka. Nami nikamwambia ashuke, maana swali langu ni refu kuliko ngazi yake.

Nilianza na kosa la kwanza, lile la shamba. Nilimweleza kwamba kwa Waluguru shamba la mama ni la ukoo wa mama, ule tunaouita lukolo, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo shamba la mama yake Pazi likishatoka kwa Pazi na Shamsia linakwenda kwa watoto wa Shamsia. Watoto wa Pazi watatafuta haki yao kwenye ukoo wa mama yao. Pazi ni mjomba, kazi yake ni kulilinda shamba kwa ajili ya wapwa zake. Eustace alishangaa. Alisema kwao kibanja, yaani shamba la migomba la familia, hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na alidhani dunia nzima iko hivyo. Kisha akauliza, kwa upole tu, kwamba kama ni hivyo, Elia ana nini huko juu.

Nikamjibu kwamba hana. Akauliza kwa mama yake je. Nikasema Hosiana ni Mpare, na kwao Upareni shamba linafuata baba. Eustace akahesabu kwa vidole vyake vyenye rangi, akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, upande wa baba wanasema nenda kwa mama, na upande wa mama wanasema nenda kwa baba." Vijana wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Nikaingia kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililonileta. Nilimuuliza kwa nini Shamsia hasemi. Hata kama yeye hakuijua mila, mwanamke yule wa kitabu cha kwanza, mwenye kumkemea kaka yake akiwa mgongoni kwake, angewezaje kutazama shamba linaondoka huku amebeba sinia?

Eustace akafuta mikono kwa kitambaa. Halafu akasema kwamba na yeye hilo lilimsumbua, na ndiyo maana aliniuliza mimi mwenyewe kabla ya kuchora. Akanikumbusha siku nilipompelekea kazi ya kuchora ramani ya shamba. Alipomaliza mipaka, mto na migomba, aliniuliza kile kibanda cha katikati ni cha nani. Nikamwambia ni cha dada yangu. Akauliza, dada anasemaje? Nami, anasema, nikajibu bila kuinua macho kutoka kwenye fomu niliyokuwa nikiijaza: "Dada yangu hana neno."

Akaenda akachora hivyo.

Anastasia, sasa umeshaelewa, au ulielewa kabla yangu. Ramani ile ni ya shamba la mama yetu, na kibanda kile ni nyumba unamosomea barua hii. Mwezi wa tano niliijaza fomu ya kuomba shamba liandikwe kwa jina la Elia, nikaambatanisha ramani, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya kijiji. Siku ile nilipita kwako, nikala ndizi zako, nikasema nimekuja kuwaona tu. Ulinifungashia mdalasini wa kumpelekea Hosiana, nikaupokea.

Sitajitetea sana. Nilimwona mwanangu anaamka kila asubuhi anavaa shati la kazini na hana pa kwenda. Nilisikia watu wa mjini wanapanda huko na fomu zao, nikasema heri liandikwe mapema kwa jina letu. Nilijidanganya kwa hilo neno "letu". Elia hajui kitu. Siku nitakapomwambia sidhani ataniamkia kwa furaha, maana anakupenda.

Jana nilimweleza Hosiana yote. Yeye ameshauri nipande huko kwako Kinole kimya kimya, niiondoe fomu, nirudi, na mtu asijue. Alisema wewe hujaumia bado, kwa nini nikuumize kwa habari ambayo imekwisha? Ni ushauri wa mtu mwenye akili, na nililala nao. Lakini asubuhi niliona kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimekuchora mara ya pili bila mdomo. Nitakuwa nimekunyang'anya shamba na kukurudishia, na wewe katika yote mawili umeshika sinia.

Kwa hiyo nakwambia. Karani ameniarifu kwamba fomu imekwisha kupokelewa, na halmashauri ya kijiji itaisikiliza Jumamosi tarehe mbili Septemba, saa nne asubuhi. Nenda. Mchukue Juliana, na wazee wa lukolo wanaoweza kutembea. Mimi nitapanda Ijumaa, na kwa kuwa sijui kama mlango wako utanifungukia, nitalala kwa katekista Bartholomeo. Mkutanoni nitasimama, nitasema niliyoyafanya, nitaomba jina la Elia lifutwe. Jina litakaloandikwa badala yake si mimi nitakayelitaja. Baada ya hapo nitakaa chini, na wewe utasema.

Kwa miaka arobaini nimewafundisha watoto wa watu kwamba asiyejua aulize. Wewe, tangu mama afariki, sijakuuliza swali hata moja kuhusu shamba lile. Nimejaribu usiku huu kukisia utakachosema siku hiyo, kama utakuwa mkali, au utacheka, au utamhurumia Elia kuliko mimi ninavyomhurumia. Nimeshindwa kukisia. Nakuja kusikiliza.

Wape salamu majirani wote wa upande wa mtoni. Goti lako lisipande mlima siku ya baridi. Hosiana anakushukuru kwa mdalasini. Juliana mwambie mjomba wake anamwomba radhi, na ataiomba tena mbele ya watu.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Patrick