Ushuhuda wa Mkeka wa Umeme

Kosa la wengi wenye presha ni kuipima kwa hisia: wakijisikia vizuri, wanadhani imekwisha. Barua hii imetoka Kitale.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumwambia, nina presha ya miaka mingi, na mwaka huu walikuja watu mjini na mikeka ya umeme, unalala juu yake bure, mwili unatetemeka polepole mpaka usingizi unakuja, na muuzaji akawa ananiambia, "Mama, tembe ni za wagonjwa, wewe umeshapona," nami nikaacha dawa, na Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Sasa wenye mikeka wamehamia Bungoma, na juzi nimepimwa, presha iko juu kuliko zamani. Kinachoninyima amani ni jirani yangu Phelista, ambaye aliacha dawa zake kwa kunisikia mimi, na nilipomgusia habari ya kurudia dawa alicheka: "Si ni wewe ulisema mbele ya madhabahu, Mama Ciru? Ama ulikuwa unadanganya Mungu?" Nikanyamaza. Kichwa kinamuuma, lakini anasema ati ni jua la palizi. Nikikanusha nitaitwa mwongo, nifanye nini?

Mama Ciru, hukudanganya. Ulisema ulivyojisikia, na huenda mkeka ulikulegeza mwili ukalala. Lakini kulala vizuri si kupona. Presha ni kama fukusi ndani ya gunia la mahindi: gunia limesimama wima stoo, na ndani punje zinaliwa. Hujui mpaka ufungue, na kufungua kwenyewe ndiko kupimwa.

Umeme nao si wa kudharauliwa. Huko ng'ambo madaktari wanajaribu kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji ili kusisimua neva za shingoni, kwa wagonjwa ambao dawa pekee hazikutosha. Bado ni majaribio, na hata hao huendelea kumeza tembe. Mkeka wa sokoni ni kitu kingine kabisa.

Ninalokukemea ni kunyamaza. Ulipodhani umepona ulisimama mbele ya kanisa zima; ulipougua umejificha hata kwa jirani. Kiharusi hakingoji Jumapili, mama. Kanisa utaliambia baadaye, ukisimama pale pale, na aibu hiyo itapita. Tembe za zamani pia usizirudie kwa kukisia, daktari akupangie.

Leo, mwambie Phelista aweke jembe chini, muende kliniki pamoja, na wewe uwe wa kwanza kunyoosha mkono upimwe.