Nakala ya Mama Neema

Alhamisi, jioni. Braamfontein.

Jua limewaka kutwa nzima na bado vidole vimeganda. Juni ya Johannesburg haina aibu: inakuchekea dirishani, ukitoka nje inakuuma masikio. Nimeshinda na koti ofisini, na nimecheka peke yangu mara mbili, mpaka katibu wetu akaniuliza kama ni mzima.

Mimi mzima. Alhamdulillah, mzima kuliko nilivyostahili.

Nianze na Jumamosi. Tulikuwa na semina ya mawakili kule Randburg, kuhusu mambo mapya katika sheria ya utawala, yaani ile sheria inayompa mtu wa kawaida nguvu ya kuiuliza ofisi ya serikali: kwa nini mmeniamulia hivi? Nilikwenda kwa ajili ya sambusa za saa nne, sitadanganya. Sheria yenyewe naifanyia kazi miaka kumi na moja sasa, na kiburi changu kina umri huohuo.

Mtoa mada, wakili mkongwe mwenye sauti ya usingizi, alisema mahakama za siku hizi hazimbembelezi aliyechelewa. Hata serikali ikichelewa kurekebisha kosa lake yenyewe, inakaripiwa. Kisha akafika kwenye somo ninalowahubiria wateja wangu kila siku. Ofisi ikikunyima kitu bila kusema kwa nini, una siku tisini za kudai sababu kwa maandishi. Nayo ina siku tisini za kukujibu. Ikinyamaza, mahakama itachukulia kwamba haikuwa na sababu ya maana, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo.

Halafu akavua miwani. Akasema tusiende mahakamani kuthibitisha kwamba barua ya kudai sababu ilitumwa. Tuthibitishe kwamba ilifika.

Nikairudisha sambusa kwenye sahani.

Nilimkumbuka Mama Neema. Huyu ni mama wa Bukavu, Kongo, anayelea watoto wadogo katika nyumba mbili za ghorofa ya chini kule Berea, watoto wa wasusi na walinzi ambao wakikosa pa kuwaacha hawana kazi. Mwaka jana aliomba kibali cha kuendesha kituo chake kihalali. Ofisi moja, ambayo siitaji kwa sababu mimi ni wakili na najijua, ilimjibu kwa mstari mmoja: maombi yamekataliwa. Akaja kwangu. Nikaandika barua nzuri sana ya kudai sababu, nikaituma kwa barua pepe, nikampa yeye nakala ya karatasi akae nayo. Jibu halikuja. Tukaenda mahakamani kuomba uamuzi ule upitiwe upya.

Wiki iliyopita ofisi ikajibu kwa hati ya kiapo: hatukupokea barua yoyote. Mama huyu hakuuliza sababu, kwa hiyo siku zake za kwenda mahakamani zilianza kuhesabiwa tangu alipokataliwa, na sasa amechelewa. Niliposoma nikasonya. Ofisi hizi husema hivyo daima.

Jumamosi, chini ya meza ya semina, nikaifungua ile barua pepe kwenye simu. Anwani niliyotumia niliitoa kwenye barua ya kesi ya zamani. Idara yenye anwani hiyo ilishahamishwa, nayo anwani ikafa.

Ofisi ilikuwa inasema kweli. Mwongo alikuwa mimi, bila kujua.

Jumapili sikula. Nilifikiria watoto wale wakifungiwa nyumbani peke yao, na Mama Neema akiniuliza tumeshindwa wapi. Jumatatu nilipekua kompyuta yote nikitafuta ushahidi wowote kwamba barua ilifika. Hapakuwa na kitu. Nikampigia simu, nikamwomba aje na karatasi zake zote, na nikajiandaa kumwambia ukweli.

Sasa lazima niungame juu ya faili lake. Mama Neema ana faili la plastiki la rangi ya waridi, nene kama mto wa kulalia. Ndani yake kila karatasi ina muhuri: wa zahanati, wa kanisa, wa shule, hata risiti ya jiko ina muhuri. Nimemtania kwa faili hilo mwaka mzima. Nilimwambia ofisi yangu ni ya kisasa, haitumii karatasi. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami niliwatukana wakunga wote.

Jumanne alifika, akafungua, akanisogezea ile nakala niliyompa. Pembeni palikuwa na muhuri wa bluu wa ofisi ileile, sahihi, na tarehe. Siku ya thelathini na moja tangu akataliwe, ndani ya zile tisini.

"Ulinipatia kopi, Maître, nikaenda nayo," akasema, akiniita wakili kwa Kifaransa cha kwao, kana kwamba anaeleza jinsi ya kuchemsha chai. "Nikasimama kwa mstari siku mbili. Ule baba wa dirisha ananiambia, acha tu hapo. Nikasema hapana, weka kashe kwanza. Kwetu, karatasi yenye haina kashe ni ya kufungia karanga."

Niliigusa ile kashe, ule muhuri wa bluu, kwa kidole. Nilitaka kulia, nikakohoa. Nikamwambia asante, mama, hii itatusaidia.

Ukweli sikuusema.

Jana niliambatanisha nakala kwenye hati mpya ya kiapo nikaipeleka upande wa pili. Leo asubuhi wakili wao akapiga simu. Wanaufuta uamuzi wa kwanza, watayasikiliza maombi upya na kutoa sababu, na kituo kitabaki wazi mpaka hapo. Kibali bado. Ila mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi, na watoto wanalala mchana pale walipozoea.

Nilipompa habari alipiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali. Akasema Jumapili atatoa ushuhuda kanisani, kanisa zima lisimame, limshukuru Mungu kwa ajili ya Maître anayejua sheria kuishinda serikali.

Hapo furaha ikanichachia. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimeshaifikia ncha yake.

Basi saa nane nikakaa nikaandika barua. Kwamba yangu haikufika. Kwamba nilituma kwenye anwani iliyokufa na sikuhakikisha. Kwamba kesi imeokolewa na miguu yake, na ana haki ya kunilalamikia au kutafuta wakili mwingine. Nikachapa nakala mbili, nikapanda teksi hadi Berea.

Alivaa miwani akasoma yote, taratibu, mtoto mmoja akiwa amelala mgongoni mwake. Alipomaliza akamweka sawa mtoto mgongoni.

Halafu akafungua droo, akatoa muhuri wa kituo chake, wenye picha ya kuku na vifaranga. Akaupulizia pumzi. Akagonga nakala yangu, akatia sahihi na tarehe.

"Sasa imefika," akasema. "Siku ya Mungu nitasema miguu na kichwa, yote mbili. Kunywa chai."

Nimekunywa chai. Sijawahi kusamehewa kwa utaratibu mzuri namna ile.

Njiani kurudi nikaingia duka la vifaa vya ofisi. Sasa nina faili la plastiki, la rangi ya waridi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Kesho barua ya mteja mwingine inatakiwa kufika ofisi ya serikali, nami nitaipeleka mwenyewe na kusimama kwenye mstari.

Kwa leo ndani yake mna karatasi moja tu, yenye kuku.