Vinyonga Wanakufa, Mke Nimemfukuza

Mama Flavia, shikamoo. Nina jambo linaloniumiza na sina wa kumweleza, kwani mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Kibosho na watu watanicheka, kwa hiyo naomba unishauri wewe. Mwezi wa nne nilimkuta kinyonga akifukia mayai chini ya mgomba, nikayachukua na kuyatunza miezi sita kwenye kopo la udongo, nikiulowesha kidogo kidogo kwa kijiko, hadi wakatoka vinyonga ishirini na wawili, wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, nikawaweka stoo ndani ya kasha la wavu lenye matawi ya isale ili wanafunzi waje kuwaona, lakini mke wangu Mektrida, ambaye ana mimba ya miezi saba, akasema kwao Masama kinyonga ni mkosi na hawezi kulala nao nyumba moja, nikampuuza. Chakula hawajakosa, kila asubuhi nawakung'utia wadudu kutoka kwenye mikahawa yangu, ambayo Jumatatu niliipiga dawa yote kama bwana shamba alivyoagiza, maana mimi si mvivu kama majirani. Jumatano wakaanza kufa, wamebaki watano, na asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona Mektrida akitoka stoo, nikamwambia amewawekea sumu, naye akanijibu, "Nimefuata ndoo. Kama mimi ni muuaji, nitazalia kwetu." Akaondoka. Je, nimsamehe?

Wenseslaus, Kibosho

Ndugu Mwalimu, pole kwa kufiwa, na pole zaidi kwa Mektrida. Hebu isome tena barua yako. Jumatatu umepiga dawa ya kuua wadudu, kesho yake umewalisha vinyonga wadudu haohao. Mwanafunzi akikuletea jibu kama lako utampa sifuri. Na mtu anayeogopa kinyonga kiasi hicho angefungua vipi hilo kasha?

Hao watano wapeleke shuleni leo. Weka ganda la ndizi mbivu ndani ya kasha, vijidudu vitakuja vyenyewe, na majani uyanyunyizie maji asubuhi na jioni. Wakikua, waachie porini.

Halafu unauliza kama umsamehe. Wa kusamehewa ni wewe. Kazi ya isale, jani la kuombea radhi huko kwenu, unaijua tangu utotoni, lakini umeifanya kitanda cha vinyonga. Kata jani moja, nenda nalo Masama pamoja na baba yako mdogo, mpe Mektrida mbele ya wazazi wake, useme umekosea. Usiwaeleze habari za sayansi. Nenda wiki hii, mtoto asizaliwe kabla baba yake hajaomba radhi.