Vidole vyangu vimerudi

Guangzhou, Alhamisi, Januari 1998

Vimerudi. Leo sokoni nimeshika kitambaa nikakisikia. Wiki nzima vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Sikumwambia mtu, lakini niliogopa. Mimi lebo sisomi, nguo nanunua kwa vidole. Vikifa, na biashara imekufa.

Ni ile pikipiki ya India wiki iliyopita, kabla sijapanda ndege kuja huku. Balbir, Kalasinga wetu fundi wa Moshi, alinipakia kutoka Delhi mpaka Amritsar, mji wao mtakatifu. Ukungu, baridi ya kukata. Akanipa glavu.

"Vaa, mzee mwenzangu."

"Mimi nimezaliwa mlimani. Baridi ya Wahindi itanifanya nini?"

Kufika hekaluni, hata kamba za viatu siwezi kufungua. Balbir akapiga magoti akanifungulia, wala hakunicheka. Ndani wanalisha kila mtu bure, ila chapati unaikingia mikono miwili. Mimi sijawahi kumkingia mtu mikono nipewe chakula. Siku ile nilikinga. Mzee mmoja akaniwekea chapati ya moto, akaona vidole havikunjiki, akanikunjia mwenyewe. Machozi yakanitoka. Nikamwambia Balbir ni vitunguu.

Leo mama mwenye duka ameapa kitambaa ni pamba tupu. Nikapapasa. "Mama, nusu hii nailoni." Akacheka, akatoa robota jingine. Hakuna wa kunidanganya Guangzhou hii.

Asante Mungu. Asante na yule mzee, jina lake sikuuliza.

Kesho namnunulia Balbir glavu mpya. Na mimi zangu. Tukikutana Moshi akaniona nazo, nitasema ni sampuli.