Mwanaume wa Nyumba Ipi

Jumatatu, 9 Juni

Kitangari tangu asubuhi. Mahojiano yote ya leo bure. Nauliza kuwa mwanaume ni nini, wananijibu "heshima" na kutazama miguu yao. Mzee mmoja ameniuliza kama mume wangu anajua niko wapi. Nimeliandika na hilo, kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Wa mwisho alikuwa kaka Hilari, kaka yangu wa tumbo moja. Ameoa huku, anakaa kwa wakwe zake kama wanaume wengi wa kwetu. Nilimkuta anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji, jasho linamtiririka. Nikamhoji kama ninavyowahoji wengine. Nani mwamuzi wa mambo ya nyumba hii? Akacheka. "Muulize mama mkwe. Mimi hapa mgeni."

Nimemweka kwenye kundi la wanaume waliopokonywa nguvu. Dokta, msimamizi wangu wa chuo, atafurahi. Anautaka sana huo mgogoro wa uanaume. Kila nikimpigia anauliza nimeupata wapi.

Jumanne, 10 Juni

Chiungutwa, nyumbani kwa mama. Daudi wangu yuko hapa kwa likizo, ana miaka tisa, anashinda juani na watoto wa jirani.

Kaka Hilari amefika na bodaboda asubuhi. Shikamoo kaka, marahaba, hata kukaa hakukaa. Kakagua paa la mama. Kamgombeza mdogo wetu kwa magugu ya kwenye mikorosho. Kauliza kwa nini dawa ya salfa bado haijapulizwa. Kisha akasema Daudi anaingia jando Jumamosi. Hakuuliza, alisema tu, kama mtu anayetaja siku ya mnada.

Huyu ndiye mgeni wa jana! Mtu yuleyule, shati lilelile.

Nimeona upuuzi wangu mchana kweupe. Wiki zote hizi nimewahoji wanaume kwa wake zao. Kwa wake zao hawana neno. Neno lao liko kwa dada zao, juu ya watoto wa dada zao. Mimi mtoto wa hapa, niliyelelewa chini ya amri ya mjomba, nimebeba dodoso lenye swali la "mkuu wa kaya" nikaenda kubisha hodi kwenye nyumba isiyo ya huyo mkuu. Vitabu nilivyosoma vinamtafuta baba, na mimi nikaenda kumtafuta baba. Mjinga kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Baba Daudi amepiga kutoka Dar. Nimemweleza habari ya jando, amefoka. Kwao Njombe mtoto ni wa baba. Na Daudi alishatahiriwa hospitali akiwa mchanga, sasa jando la nini tena?

Nimemfikishia kaka. Kaka naye amefoka. Hospitali wanakata, amesema, nani anafundisha? Mtoto wa dada yake asipopita likumbi, kibanda chao cha jando, atakaa na wenzake anaambiwa hajui kitu, na aibu ni ya mjomba. Tena hili ni jando la kanisa, padri mwenyewe atabariki, kwa hiyo nisilete visingizio vya dini.

Sijaleta kisingizio chochote. Sijafungua mdomo! Nimekuwa mnara wa simu. Mmoja anafokea sikio la kulia, mwingine la kushoto.

Nimempigia Dokta kumwambia nimegundua kitu, kwamba mwanaume wa huku ana nyumba mbili na katika kila moja ni mtu mwingine. Amesema inavutia, ila nichunge nisichanganye utafiti na mambo ya familia. Nimekata simu kabla sijamtukana. Uanaume atausomea wapi, hewani? Yeye mwenyewe kazaliwa na nani?

Ijumaa, 13 Juni

Wamepatana.

Nimetoka kuteka maji, narudi nakuta kaka kashika simu yangu, anaongea na mume wangu. Wanacheka. Wanaitana shemeji. Wamegombana kupitia kwangu, leo wamemalizana wenyewe kabla sijatua ndoo. Daudi ataingia jando kwa amri ya mjomba, mambo ya shule ataamua baba. Wamegawana mtoto wangu kama kuku wa sikukuu, huyu paja, huyu kidari.

Nimesoma miaka juu ya wanaume wanavyojengana mbele ya wanaume wenzao, wanavyopeana ukubwa kwa kutupita sisi pembeni. Leo nimeyasikia kwenye simu yangu mwenyewe, kwa chaji yangu. Ningeweza kuandika sura nzima. Badala yake nimeibwaga ndoo, maji yote chini. Mama akayasikitikia maji.

Kinachonichoma ni hiki: ningekubali. Nataka Daudi aingie. Nimekua nikiwaona wavulana wakitoka jandoni na nguo mpya, mabega juu, kina mama wakipiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Na mimi nilitaka kupiga vyangu. Ningesema ndiyo tangu Jumanne. Hakuna aliyeniuliza. Hata mmoja!

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema hapana.

Mbele ya mama, mbele ya wajomba zangu wazee, Daudi keshanyolewa kichwa. Kaka akaniambia taratibu, kama anamwambia mtoto, "Mama Daudi, haya si mambo ya wanawake." Nikamjibu. Nikamwambia ukoo huu unahesabiwa kwa tumbo langu. Ujomba umeupata kwangu, kaka. Bila mimi wewe ni mgeni huku na huko. Mtoto haendi mpaka mtu aniulize.

Nilidhani mama atanikaripia, akaingia jikoni. Kaka akavaa kofia, akaita bodaboda, akarudi Kitangari kwa mkewe. Hakuaga.

Jioni watoto wa jirani wameingia jandoni. Ngoma zimesikika mpaka hapa. Daudi kajifunika shuka mpaka juu ya kile kichwa chake kilichonyolewa. Sijutii. Naandika tena, sijutii.

Jumatatu, 16 Juni

Daudi haniongeleshi. Anakula kwa bibi yake.

Baba Daudi amepiga, anasema nimemwaibisha kwa shemeji yake. Juzi alikuwa hataki hata kulisikia hilo jando. Nimemwambia shemeji yake yupo, wakaombolezane. Nimezima simu.

Nawachukia wote kwa leo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimerudi kazini na maswali mapya. Sasa nawafuata wanaume kwa dada zao. Ni watu wengine kabisa. Mmoja kaongea asubuhi nzima, katikati ya maneno anaagiza: huyu asirudishwe kwa mumewe mpaka mume aje kuzungumza, yule apelekwe zahanati. Dada yake alikuwa anapepeta mpunga, kila amri anaitikia "haya." Nikamuuliza dada kama huwa anaulizwa. Akaendelea kupepeta.

Mahojiano bora kuliko yote niliyowahi kufanya. Nimerudi na hasira ileile niliyoondoka nayo.

Jumapili, 22 Juni

Kaka Hilari amekuja baada ya ibada. Mama alimpa kiti, akakikataa, akakaa mkekani nilipokuwa namenya karanga. Akachukua konzi, akaanza kumenya. Akasema kwao huko hawajambo. Mvua ya mwaka huu haikuwa mbaya. Mama mkwe miguu inamsumbua.

Kisha akaniuliza. "Dada, unasemaje juu ya Daudi?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Sijawahi kumsikia akiuliza kitu katika nyumba hii.

Nikasema aende.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na karanga. Likumbi limeshafungwa. Waliomo wamo, aliye nje anangoja jando lijalo, na hakuna anayejua kanisa litaliandaa mwaka gani. Alijua hivyo alipopanda bodaboda kuja. Nami nilijua nilipojibu.

Daudi alitoka ndani, akasimama mlangoni. Nikasogea kidogo kumpa nafasi mkekani. Akanizunguka, akaenda kukaa upande wa mjomba wake. Kaka akamsogezea fungu la karanga bila kumtazama, wakamenya pamoja mpaka mama alipokuja kuchukua ungo. Sikumwita Daudi.