Kundi la Nne

Bukaresti, 6 Machi 2006

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Mgongo wako je? Na ng'ombe wetu Joiana anaendeleaje, bado anatoa maziwa vizuri?

Kuna bibi atakuja kwako na fomu. Usimfukuze, maswali yale nimeyatunga mimi. Ofisini kwetu, wizara ya kilimo, tumechoka kupanga mashamba kwa ukubwa tu. Watu wawili wana hekta tatu tatu, mmoja anauza jibini mjini, mwenzake analima ili ale, na sisi tunawaweka kapu moja. Sasa tunamuuliza mkulima anataka nini na hali yake ikoje. Kundi la kwanza ni wanaolima wauze, la pili wanaolima wale, la tatu wenye mshahara kwingine, la nne wanaofunga shamba taratibu. Kila kundi litasaidiwa kivyake. Jibu ukweli tu, baba.

Mwanao,
Ilinca

Valea Arinului, 2 Aprili

Ilinca mwanangu,

Barua nimeipata, na nashukuru umepona. Mgongo upo, tumezoeana. Joiana hajambo, kazi yake kula tu.

Bibi wa fomu alikuja. Nilimpa ugali na jibini akala, nikammiminia pombe ya matunda ya plamu akasema yuko kazini. Nikamwambia, "Hata mimi niko kazini, mama, na nakunywa." Akauliza, "Lengo lako la kulima ni nini?" Nikasema kuanika nyasi kabla mvua haijanyesha. Hakuandika kitu. Akarudia polepole, kama anaongea na kiziwi. Mwanangu, haya maswali yako ni balaa. Lakini tangu mama yako afariki hakuna aliyekaa mezani kwangu muda mrefu hivyo, kwa hiyo nilijibu taratibu makusudi, asiondoke upesi.

Utakuja sikukuu ya Mtakatifu Petro mwishoni mwa Juni, tukianza kufyeka?

Baba yako,
Toader

Bukaresti, 9 Mei

Baba,

Natumaini u mzima, ingawa sasa sijui niamini lipi. Fomu yako imefika mezani kwangu. Kwa kanuni ilinipasa nimpe mwenzangu, lakini niliisoma. Ng'ombe: hakuna, aliuzwa mwaka juzi. Na wewe kila barua unaniambia Joiana anakula. Halafu nyasi kavu, marundo kumi na moja. Ya nani? Na pale panapouliza nani atashika shamba baada yako, umeacha wazi.

Shamba lisilo na mifugo wala mrithi linaingia kundi la nne. Niliyeandika hivyo ni mimi. Nimeifungia fomu yako kwenye droo, na kila nikifungua droo naona mwandiko wako.

Mwanao,
Ilinca

Valea Arinului, 28 Mei

Mwanangu,

Afya yangu ni nzuri, hilo liamini. Kuhusu Joiana nilikudanganya, unisamehe. Mgongo ulikataa kuinama kumkamua. Nilijua ukisikia ameuzwa utasema basi, baba, huna kinachokushika huko, njoo mjini.

Nyasi nafyeka kwa sababu konde lisipofyekwa miaka miwili, miberoshi midogo inaingia, na baada ya hapo ni msitu. Nikishapanga marundo, yanakaa mpaka yanaoza. Majirani wananicheka. "Toader, unamlisha nani, malaika?" Nacheka nao.

Pale pa mrithi niliacha wazi kwa sababu sikupenda kuandika jina lako bila kukuuliza. Basi nakuuliza. Nijibu kabla ya Mtakatifu Petro, ndiyo au hapana. Neno "labda" usiniandikie, hiyo "labda" nimeishi nayo miaka kumi na mbili, tangu uende mjini. Ikiwa hapana, mwaka huu sitafyeka.

Baba yako,
Toader

Bukaresti, 21 Juni

Baba,

Salamu, na naomba uisome ukiwa umekaa. Hii ni barua ya nne, tatu za kwanza zilisema "labda", nikazichana.

Hapana, baba. Sitarudi kulima. Naipenda kazi yangu. Nina chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta, na jioni hata mimi sina wa kuongea naye, lakini haya ndiyo maisha niliyoyachagua. Usiandike jina langu pale. Naandika haya huku nalia, na bado ni hapana.

Mwanao,
Ilinca

Valea Arinului, 16 Julai

Ilinca mwanangu,

Mimi sijambo, na naomba nawe usijambo. Barua yako ilifika siku moja kabla ya Mtakatifu Petro. Niliisoma nimesimama mlangoni. Umejibu vizuri, bila kuzungukazunguka. Iliniuma sana, na siku mbili sikutoka nje.

Siku ya tatu niliwasikia majirani wakinoa mafyekeo, nikaona haya kukaa ndani, nikachukua fyekeo langu. Zamani konde la juu lilinichukua siku tatu, safari hii tisa. Sijui kama una kundi la mtu wa namna hiyo. Itoe fomu kwenye droo uipeleke. Kundi la nne ni kweli, na wala sikulaumu.

Krismasi njoo. Chumba chako cha nyuma nimeweka viazi, kwa sababu ni kikavu kuliko ghalani. Wewe utalala kile kizuri cha mbele, cha wageni. Nitawasha jiko siku mbili kabla, kipate joto.

Baba yako,
Toader