Rangi ya Baskeli Mbili

Mehreen, usinipigie. Nimejifungia chooni kwa mama, siwezi kusema, nnaandika tu.

Ile baskeli anayoniundishia mume wangu Abdulwahid, leo nimekwenda kuichagulia rangi. Fundi Hija kaniwekea vibati viwili, kijani inayong'aa na kijani isiyong'aa. Nnavigeuzageuza, mara kaniambia, "Chagua taratibu bibie, utakayoitaka ndiyo nitakayozipaka zote mbili."

Mbili zipi?

"Yako na ya mwenzio wa Chwaka. Mume wenu kasema uchague wewe mkubwa, na yake iwe hivyo hivyo, asije akaambiwa kapendelea."

Mume wenu. Mehreen, kasema mume wenu.

Kumbe ndio huo mwani anaoniambia anakwenda kuununua Chwaka kila Alkhamisi, na mimi nnamfungia chakula cha njiani.

Fremu ya huyo mke mwenzangu inaning'inia pale pale ubavuni mwa yangu.

Nikaona haya fundi kujua kuwa sina habari. Nikamwambia zipake isiyong'aa, haionyeshi vumbi, na Chwaka kuna vumbi. Kwa mdomo wangu huu.

Fundi akafurahi. Kasema wanawake wenye moyo kama wangu siku hizi hawapatikani.